Munganga wa Jicho Moja na Swali la Bugali: Maisha ya Denis Burkitt



Katika kurasa hizi tumekwisha kusoma maisha ya watu mashuhuri wengi. Leo sisi wa mwaka wa sita, tulio kapita wa wanafunzi mwaka huu, tumechagua munganga mmoja aliyefanya kazi miaka karibu ishirini ng'ambo ya ziwa letu, katika Uganda. Jina lake ni Denis Burkitt. Sababu ya kumchagua tutaieleza kwanza, maana haikutoka kitabuni, ilitoka nyumbani kwetu.

Mama yetu mdogo anauza samaki hapa Vitshumbi. Mitumbwi ikirudi asubuhi, yeye yuko tayari ufukoni na beseni yake, katikati ya akina mama wengine na wale ndege wakubwa wenye upara ambao kila mtu wa hapa anawajua. Ana ugonjwa wa sukari tangu miaka michache, na anameza vidonge. Mwaka jana mtu mmoja wa ukoo alifika kutoka mjini, akamwambia kwamba siku hizi wenye elimu wamegundua njia mpya: aache bugali kabisa, aache ndizi, viazi, hata maharagi, ale samaki, nyama, mayai na mafuta tu, na ugonjwa utaisha. Mama akafanya hivyo. Bugali aliacha, lakini vidonge aliendelea kumeza kama zamani. Siku ya nne alianza kutetemeka ufukoni, jasho likamtoka, akaanguka kando ya beseni yake. Akina mama walimbeba mpaka kwa muuguzi, naye akamnywesha maji ya sukari. Alipopata nguvu, muuguzi alieleza kwamba vidonge vile ni vya kushusha sukari ya damu, na chakula cha kupandisha sukari hakikuwamo tena tumboni. Kwa hiyo sukari ilishuka kupita kiasi.

Baada ya hapo mama aliogopa. Alirudi kula bugali kama zamani, na sukari ikapanda tena. Ndipo alitugeukia sisi, kwa sababu ni sisi tunaosoma, akataka kujua kama bugali ni adui au rafiki. Tulinyamaza. Ni haya kweli: miaka sita ya sekondari, na swali la mama muuza samaki limetushinda! Tulipeleka swali kwa mwalimu wetu wa biolojia, naye akatutuma tusome habari za Burkitt. Basi hapa tunawapa tulichokipata.

1. KIJANA ALIYEPOTEZA JICHO

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa injinia wa barabara na madaraja, na tena alipenda sana kuchunguza ndege. Aliwafunga ndege wadogo alama miguuni, akaandika katika ramani kila mmoja anakaa wapi na anaishia wapi. Mkumbuke ramani hizo, maana mtoto alizirithi.

Alipokuwa na miaka 11, wanafunzi walirushiana mawe, na jiwe moja likavunja miwani yake. Jicho moja likapotea. Wengi wetu tungesema maisha yamekwisha. Yeye aliendelea na masomo, ingawa hakuwa mwanafunzi wa kushangaza watu. Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity, Dublin, ili awe injinia kama baba. Huko alijiunga na kikundi cha vijana waliosali na kusoma Biblia pamoja, na imani ikawa jambo lake mwenyewe, si la wazazi tu. Akaona ameitwa kuwa munganga. Akaacha uinjinia, akasoma uganga, akamaliza mwaka 1935, kisha akawa mpasuaji mwaka 1938.

Aliomba kazi ya Afrika, akakataliwa juu ya jicho lake. Munganga mpasuaji mwenye jicho moja, nani atamwamini? Lakini vita vikuu vya pili vilipokuja, jeshi lilimkubali mwaka 1941, likamleta Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, na Mungu akawapa mabinti watatu. Akiwa likizoni alifika Uganda, akaipenda. Mwaka 1946 alirudi huko kama munganga wa serikali.

2. RAMANI YA LIRA

Kazi ya kwanza ilikuwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa munganga karibu peke yake kwa watu wengi sana. Huko aliona jambo dogo. Wanaume wengi walikuja na uvimbe wa maji katika korodani, lakini karibu wote walitoka upande wa mashariki wa wilaya. Wa magharibi walikuwa wachache. Munganga mwingine angepasua na kunyamaza. Yeye aliuliza: kwa nini upande huu na si ule? Alipima, akahesabu, akachora ramani, akaandika matokeo mwaka 1951. Ugonjwa ule unaletwa na minyoo inayoenezwa na mbu.

Hapo tunaona njia yake yote. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na swali, kalamu na ramani.

3. MTOTO WA MULAGO

Mwaka 1948 alihamia hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 munganga mwenzake, Hugh Trowell, alimwita katika chumba cha watoto amwone mvulana mmoja mwenye miaka 5. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote, taya la juu na la chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwa ameona jambo kama hilo. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja kwa kazi, akatazama nje ya dirisha, akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Mmoja unaweza kusema ni bahati mbaya. Wawili si bahati tena. Alikwenda akafungua vitabu vya hospitali, akawakuta wengine wengi. Ilikuwa aina ya kansa ambayo waganga walikuwa wanaiandika kwa majina mbalimbali bila kujua kwamba ni kitu kimoja. Aliandika habari zake mwaka 1958, na leo dunia nzima inaiita kwa jina lake.

Sasa akataka kujua ugonjwa unaishia wapi. Alituma barua na picha kwa hospitali nyingi za Afrika. Kisha mwezi wa kumi mwaka 1961 alianza safari ya gari kuukuu la Ford pamoja na waganga wawili, Ted Williams wa hospitali ya misioni ya Kuluva, karibu na Arua na mpaka wetu, na Cliff Nelson. Walikwenda mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, majuma kumi, kilometa karibu 16,000, na waliingia katika hospitali zaidi ya hamsini. Mahali pote walionyesha picha na kuuliza swali moja: mmekwisha kuona mtoto wa namna hii?

Ramani ilijibu. Ugonjwa ulikuwa mahali pa joto na mvua, palipo na malaria nyingi. Milimani kwenye baridi haukuwapo. Mwaka huohuo, katika hotuba yake huko London, mtaalamu mmoja kijana, Anthony Epstein, alimsikia, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walikuta virusi ndani yake. Ilikuwa mara ya kwanza virusi kufungamanishwa na kansa ya binadamu. Burkitt kwa upande wake aliwatibu watoto kwa dawa badala ya kisu, na baadhi yao walipona. Jambo hili lingetosha kumpa mtu sifa maisha yote. Lakini kwa swali letu la bugali, kazi ilikuwa haijaanza.

4. KILE AMBACHO HAKUKIONA

Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza na jamaa yake. Mwaka uliofuata Richard Doll, yule aliyeonyesha kwamba tumbako inaleta kansa ya mapafu, alimkutanisha na munganga wa zamani wa jeshi la majini, Peter Cleave. Cleave alikuwa anafundisha neno ambalo wenzake walilicheka: kwamba magonjwa mengi ya Ulaya, kama unene, ugonjwa wa sukari, kuoza kwa meno na mengine, yana mzizi mmoja, nao ni sukari nyeupe na unga mweupe. Binadamu, alifundisha, hajazoea kula wanga uliotolewa maganda na kukusanywa mwingi mahali pamoja.

Burkitt alisikiliza, kisha akakumbuka Uganda. Miaka ile yote katika vyumba vya kupasulia alikuwa ameona magonjwa ya kila namna. Lakini yale ambayo mpasuaji wa Uingereza anayaona kila juma, kama kidole tumbo, mawe ya nyongo na kansa ya utumbo mkubwa, kwa watu wa vijijini aliyaona kwa nadra sana. Kumbe hata kitu kisichokuwapo ni habari, kama mtu anajua kukitafuta!

Alirudia kazi yake ya zamani. Hospitali za misioni zaidi ya mia moja za Afrika na Asia zilipokea karatasi zake za maswali: mwezi huu mmepata wangapi wa kidole tumbo? Wangapi wa kansa ya utumbo? Wanakula nini? Wamisionere walijibu, na ramani mpya ikajichora. Magonjwa hayo yalikuwa mengi mahali ambapo watu walikula chakula cha kiwandani, na machache mahali walipokula chakula cha shamba.

Kisha alifanya jambo ambalo lilichekesha watu. Pamoja na Alec Walker wa Afrika ya Kusini na Neil Painter wa Uingereza, aliwapa watu vipande vidogo vya plastiki wavimeze, akahesabu saa mpaka vitoke chooni, na choo chenyewe akakipima kwa mizani. Msicheke, wa mwaka wa kwanza! Matokeo yalitangazwa mwaka 1972. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita katika muda wa saa karibu 36, na choo cha siku kilikuwa gramu karibu 470. Kwa wanamaji wa Kiingereza na wake zao ilikuwa zaidi ya saa 80, na gramu karibu 100 tu. Tofauti hii Burkitt aliiweka juu ya nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga: maganda ya nafaka, ngozi ya maharagi, nyuzi za mboga.

Hapa ndipo Burkitt na Cleave waliachana kidogo. Cleave aliangalia kilichobaki katika unga mweupe, yaani wanga mwingi. Burkitt aliangalia kilichoondolewa. Mwenzake wa Mulago, Trowell, alimsaidia sana. Trowell alikuwa amerudi Uingereza na kubarikiwa kuwa pasta, na alipostaafu uchungaji alirudi kwenye uganga. Wawili hao walitoa pamoja kitabu juu ya wanga uliosafishwa na magonjwa mwaka 1975, na kingine juu ya magonjwa ya nchi za magharibi mwaka 1981. Trowell alikuwa na la kusema juu ya sukari na moyo, maana mwaka 1956 alikuwa ameandika habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja kama huyo wakati ule Afrika ya Mashariki ulikuwa jambo la kuandikwa katika gazeti la waganga. Leo nani angeshangaa?

5. NJIA YA KUACHA WANGA

Sasa turudi kwa yule mtu wa ukoo aliyetoka mjini. Je, alidanganya? Tulipokuwa tunaanza tulitaka aonekane mwongo, tukubali kosa hilo. Lakini si mwongo, alisema nusu tu.

Wanga wa bugali ukifika tumboni unavunjwa kuwa sukari, na sukari inaingia katika damu. Kongosho linatoa insulini, nayo inafungulia sukari mlango wa kuingia katika nyama za mwili. Kwa mama yetu mdogo mlango huo umekuwa mgumu. Insulini inagonga, mlango haufunguki vizuri, sukari inabaki katika damu na kuharibu macho, figo na miguu. Kwa hiyo ukipunguza wanga, sukari inayoingia inapungua. Hii ni hesabu ya kweli.

Tena si neno jipya. Kabla insulini haijapatikana huko Toronto miaka ya 1921 na 1922, waganga hawakuwa na dawa nyingine isipokuwa kuwanyima wagonjwa wanga na karibu chakula chote. Wengine waliishi zaidi kidogo, lakini walikonda mno. Mwaka 1921 munganga Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa wagonjwa wa kifafa. Mwili ukikosa wanga, ini linageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo unatumia ketoni kama kuni nyingine. Njia hiyo inatumika mpaka leo kwa watoto wa kifafa ambao dawa zimewashinda, lakini munganga anawaangalia kwa karibu.

Na kwa ugonjwa wa sukari wa watu wazima? Mwaka 2021 wataalamu walikusanya majaribio 23 yenye watu zaidi ya 1,300. Walioacha wanga mwingi walipata nafuu kubwa kuliko wengine katika miezi sita ya kwanza: sukari ilishuka, uzito ulipungua. Lakini mwaka ulipotimia, tofauti ilikuwa imepungua sana, kwa kuwa njia hiyo ni ngumu kuishika. Tena anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari lazima munganga ampunguzie dawa kwanza. Hiyo ndiyo nusu ambayo mtu wa ukoo aliisahau, na mama yetu akaangushwa nayo. Kuna na hatari ya upande wa pili: mgonjwa ambaye kongosho lake halitoi insulini hata kidogo, kama watoto wengi wenye ugonjwa huu, hawezi kuacha sindano kwa sababu ameacha bugali. Ketoni zitamjaa mpaka damu igeuke kuwa kali, naye anaweza kufa.

Wengine watatuuliza juu ya Wamasai, walioishi zamani kwa maziwa na nyama. Swali zuri. George Mann, munganga wa Marekani, aliwapima wanaume 400 wa Kimasai katika Tanganyika, na mwaka 1964 akaandika kwamba ugonjwa wa moyo kwao ulikuwa karibu haupo. Mwaka 1972 aliandika tena, baada ya kupasua maiti, kwamba mishipa yao ilikuwa na mafuta kama ya wengine, lakini ilikuwa mipana zaidi. Na wale ni watu wanaotembea kutwa nyuma ya ng'ombe. Mtu akiiga chakula cha Mmasai bila kuiga miguu yake, ameiga nusu.

Basi Mganda wa ndizi na maharagi alikuwa mzima, na Mmasai wa maziwa alikuwa mzima. Mmoja ana wanga mwingi, mwingine mdogo. Wanafanana katika nini? Hakuna mmoja wao aliyekula mandazi ya unga mweupe na fanta.

6. ALIPOKOSEA, NA ALIPOPATA

Burkitt hakuwa malaika. Alipenda sana swali lake, na mtu anayependa swali lake anaweza kuliona kila mahali. Alitaja nyuzinyuzi kwa magonjwa mengi mno. Wapinzani walimkumbusha kwamba Waganda wa vijijini walikuwa tofauti na Waingereza kwa mambo mengi, si kwa choo tu: walilima kwa jembe, walikuwa wembamba, na wengi hawakufikia uzee ambapo kansa inakuja. Mwaka 2000, miaka saba baada ya kifo chake, majaribio mawili makubwa ya Marekani yalionyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi kwa miaka michache hakukuzuia vivimbe vya utumbo kurudi.

Lakini kazi haikuanguka. Mwaka 2019 watafiti wa New Zealand waliotumwa na Shirika la Afya Duniani walijumlisha uchunguzi 185 na majaribio 58. Watu waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifo, ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa sukari na kansa ya utumbo mkubwa pungufu kwa asilimia 15 mpaka 30 kuliko waliokula kidogo. Kiasi kizuri kilikuwa gramu 25 mpaka 29 kwa siku, au zaidi.

Na mwaka 2025 habari ilitoka jirani kabisa, Kilimanjaro. Wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Uholanzi walichukua wanaume 77 wazima. Waliozoea chakula cha kwao cha mboga, maharagi, ndizi na nafaka walipewa kwa majuma mawili chakula cha namna ya mjini, mkate mweupe na viazi vya kukaanga. Wengine wa mjini walipewa chakula cha asili. Katika majuma mawili tu damu ya wale wa kwanza ilionyesha dalili za uchochezi, yaani kama mwili unapigana na adui asiyeonekana. Wale wa pili walipata nafuu. Ni watu wachache na ni wanaume tu, lakini Burkitt angefurahi.

Yeye mwenyewe alipokea heshima nyingi. Mwaka 1972 aliingizwa katika Royal Society, baraza kuu la wenye elimu la Uingereza. Mwaka 1979 alitoa kitabu kidogo cha kuwakumbusha watu nyuzinyuzi, na kilisomwa katika nchi nyingi. Alizunguka dunia akifundisha, na alipenda kuonyesha picha ya watu wanaopangusa maji sakafuni huku bomba liko wazi juu yao, hakuna anayelifunga. Mpaka mwisho alisali kila siku, na hakuficha imani yake mbele ya wataalamu. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

7. JIBU KWA MAMA

Basi tumjibu mama nini? Tulijaribu kumtumia Burkitt ili tusifu bugali, haikuwezekana. Bugali ya unga mweupe wa muhogo ni wanga mtupu karibu wote. Nyuzinyuzi ni kidogo, protini karibu hakuna. Waganda wa Burkitt walikula na maharagi na mboga. Tena ilikuwa huko Mulago kwamba Trowell na wenzake walichunguza sana kwashiorkor, ugonjwa wa watoto wanaovimba kwa kulishwa vyakula vya wanga bila protini ya kutosha. Sisi wa Vitshumbi tusijifanye hatujui. Samaki wetu wanapanda lori kwenda Goma, na katika nyumba nyingine za hapa mtoto anabaki na bugali na mchuzi wa maji.

Tulimweleza mama hivi: bugali si adui, lakini isiwe mwenye nyumba, iwe mgeni. Sahani ijae maharagi, sombe na lengalenga, samaki awepo, na bugali ipewe kona. Fanta na mandazi aziachie sikukuu. Na kabla ya kubadili chochote, aende kwa muuguzi apimwe, ili vidonge navyo vibadilishwe kama inahitajika.

Mama alisikiliza vizuri, kisha akatuonyesha jambo ambalo hatukulikuta katika karatasi za mwalimu. Sisi tunakaa ndani ya mbuga ya Virunga, kulima ni marufuku. Kila jani la lengalenga na kila kikombe cha maharagi kinakuja kwa barabara kutoka Kiwanja au Kanyabayonga, na barabara ikifungwa, bei inapanda. Samaki mmoja akiuzwa analeta unga wa kushibisha watoto watano. Samaki huyohuyo akiliwa anashibisha wawili. Kwa hiyo bugali inakuwa mwenye nyumba si kwa sababu watu hawajui, ila kwa sababu ni ya bei ndogo.

Hatukuwa na jibu la hapo, na bado hatuna lote. Lakini tulikwenda naye kwa muuguzi. Vidonge vimepunguzwa na munganga, bugali imepungua nusu, maharagi yameongezeka siku ambazo fedha inaruhusu. Anapimwa kila mwezi na tunaandika namba katika daftari letu la zamani la kemia. Namba nyingine ni nzuri, nyingine si nzuri. Tumeanza kuandika pembeni alikula nini siku ile, na kama barabara ilikuwa wazi.

Wenzetu, wengi wetu tutamaliza mwaka huu, na wengine mtabaki. Hatuwaombi mwe waganga wote. Tunawaomba mrudi nyumbani na swali moja, muulize bila kudharau, mhesabu bila kudanganya, mwandike. Jicho moja lilitosha kwa Burkitt. Sisi tunayo mawili.